Rafu Iliyolazwa Ubavu

Mama Pindo hakuwa na mtoto aitwaye Pindo, na sidhani kama yupo mtu mwenye akili timamu anayeweza kumpa mtoto jina hilo. Ni mtaa uliombatiza. Suruali ikiwa ndefu, mtaa mzima ulijua pa kuipeleka. Gauni likiachia chini, vivyo hivyo. Alikunja na kushona pindo mteja akiwa bado anasimulia habari za nyumbani kwake, na akishalishona limeshonwa: nguo itachakaa, itageuka tambara la kufutia meza, pindo bado limo. Jina likamganda. Hata mumewe, mwoka mikate wa tanuri la mtaa wa nyuma, alimwita hivyo alipotaka kumchokoza.

Miaka yote hiyo alishonea sebuleni kwake. Cherehani dirishani, vitambaa juu ya kochi, sindano kila mahali mtu asipotarajia kukutana na sindano. Kisha chumba kimoja kinachotazama barabara kikabaki wazi. Muuza vitabu na kalamu aliyekuwamo alihamia kwingine, akaacha kalenda ukutani na rafu moja kubwa ya kupangia vitabu, ndefu kuliko mtu, iliyomshinda kuitoa mlangoni. Iliingiaje mwanzoni, hakuna ajuaye mpaka leo. Mama Pindo akakichukua chumba na rafu yake. Siku aliyokabidhiwa ufunguo aliuzungusha kidoleni njia nzima, mtu mzima na mvi zake, akaingia nyumbani akicheza.

"Nimepata duka!" alimwambia mumewe. "Duka lenye mlango! Na mlango wenyewe una kengele!"

"Na mimi nimepata kochi," mumewe akajibu, akajitupa juu yake, akaruka tena mara moja kwa sababu ya sindano.

Ufunguzi ukapangwa Jumamosi. Mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Dada.

Huyu Dada ndiye mkubwa wao. Mama yao alikuwa akishinda kazini, kwa hiyo aliyembeba Mama Pindo mgongoni alikuwa Dada. Alimfulia, akampikia, akampeleka shule siku ya kwanza akiwa mgongoni ingawa miguu ilishakuwa inaburuta chini. Alikuwa mtu mkubwa kwa kila kitu: mwili, sauti, moyo, na hasa kicheko. Dada hakuwa mtu wa kucheka kwa mdomo peke yake. Mabega yalianza, tumbo likafuata, kisha mkono ukamtafuta mtu wa karibu wa kumpiga kofi la mgongo, na ole wake aliyekuwa na kikombe cha chai mkononi.

Sasa, siku moja, nyumbani kwa huyu huyu Mama Pindo, watu wamejaa, Dada akasimulia kisa, akacheka, na kiti cha plastiki kikampasukia. Alianguka chali. Watu walicheka, maana watu ndivyo walivyo, na Dada mwenyewe akacheka kuwashinda wote. Akakung'uta gauni, akasema kiti chenyewe kilikuwa kinatafuta sababu ya kuacha kazi. Kila mtu akaona yamekwisha.

Hayakwisha. Tangu siku hiyo Dada hakukaa tena nyumbani kwa mtu. Kuja alikuja, tena na mfuko wa matunda, lakini alisimama mlangoni, bega kwenye fremu. "Siingii, nina haraka." "Nimekaa mno leo, acha ninyooshe miguu." Harusini alisimama, msibani alisimama. Akilazimishwa sana, alikikandamiza kiti kwanza kwa kiganja, akachungulia miguu ya kiti, kisha akakaa nusunusu, uzito wote ameuacha kwenye vidole vya miguu, visigino viko juu, mapaja yamekaza. Wengine hawakuona kitu. Mama Pindo aliona, kwa kuwa kazi yake ni kutazama miili inavyokaa ndani ya vitu, na kila alipoona roho ilimuuma hadi akatafuta kisingizio cha kwenda jikoni.

"Nitakuja, tena kwa shangwe!" Dada alisema kwenye simu. "Nitachungulia, nikupongeze, nipitilize."

"Hupitilizi safari hii," Mama Pindo akasema, lakini alisema baada ya simu kukatika.

Alikwenda kwenye chumba kipya, akaketi sakafuni, akashika tama. Viti vipya? Kiti chochote kina miguu, na Dada angeitazama ile miguu. Benchi la kawaida? Nalo lina miguu. Akainua macho, akaiona rafu, imesimama pale kama mgeni asiyekaribishwa, na hapo hapo wazo likamjia kwa nguvu hata akasimama bila kujua amesimama. Rafu ikilazwa ubavu haina miguu! Inalala chini yote, mwanzo hadi mwisho, kama sanduku. Ule ubavu wa juu unakuwa kikalio, na vile vibao vya kuwekea vitabu vinageuka kuta ndogo, vinaacha vyumba vya kuhifadhia vitambaa. Dada angetafuta miguu ya kutilia shaka asiione!

Alivuka barabara mbio kwenda kwa seremala. Huyo alikuwa mtu wa mtaa huo huo, sasa jirani yake wa dukani, mtu wa makamo anayeweka penseli nyuma ya sikio kisha akaitafuta kutwa nzima.

"Fundi mwenzangu! Njoo uone benchi langu!"

Seremala akaja akijifuta mikono. Akatazama huku, akatazama kule. "Liko wapi?"

"Si hilo!"

"Hilo ni rafu, Mama Pindo."

"Ni rafu kwa sababu limesimama. Nisaidie nililaze."

Wakalilaza. Seremala akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakunja uso kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Hii chipubodi," akasema. "Unajua chipubodi ni nini? Ni maranda yaliyogombana, yakapatanishwa kwa gundi, na bado hayajasameheana. Ona vibao vilivyopinda. Hii imeshindwa na vitabu vya watoto wa shule, wewe unataka ibebe watu?"

"Nataka imbebe Dada yangu."

"Yule anayesimama mlangoni kwako?"

"Huyo huyo."

Seremala alikuwa amefungua mdomo kutia utani mwingine. Akaufunga. Aliizunguka rafu polepole, akachuchumaa, akaitikisa kutoka upande, nayo ikayumba. Kisha akashika sikio kutafuta penseli, kwa bahati ikawepo.

"Basi tufanye kazi yenyewe," akasema.

Loo, Mama Pindo alivyofurahi! Kazi ikaanza siku ile ile. Seremala alikuwa na milango yake ya kutengeneza, kwa hiyo alikuja, akaonyesha, akaondoka, na yeye Mama Pindo ndiye aliyekata na kupiga msasa. Mpango ulikuwa hivi: chini ya kikalio zipite mbao mbili ngumu, moja mbele na moja nyuma, ili kisipinde. Ndani ya kila chumba, kwenye kona, zisimame nguzo fupi za mbao, ziguse sakafu chini na zile mbao ndefu juu, ili uzito wa mtu uteremke kwenye mbao halisi mpaka ardhini, chipubodi ibaki kuwa sura tu. Mgongoni, lile karatasi gumu lililopigwa kwa misumari midogo ling'olewe, pawekwe plaiwudi nene, ili benchi lisiyumbe kushoto na kulia.

Alizichora mbao kwa chaki ya kushonea. Seremala alipozipima nguzo akakuta kila moja imezidi.

"Mbona ndefu?"

"Nimeacha nafasi ya mshono."

Seremala alicheka mpaka akakaa chini. "Mbao haikunjwi, Mama Pindo! Ukiikata imekatika!"

"Sasa nimejua. Na wewe ukicheka zaidi ya hapo suruali yako itapasuka, na mimi leo niko kazini hapa."

Akazikata upya. Msumeno ulimgomea mwanzoni, kisha mkono ukauzoea, na sauti yake ikawa na mwendo kama wa cherehani, hru, hru, hru, mpaka akajikuta anaimba. Alipaka gundi, wakaweka nguzo, wakakaza skrubu moja baada ya nyingine. Kila skrubu ilipozama alisikia raha ambayo hakuitarajia. Alhamisi jioni benchi lilikuwa limekamilika mifupa yake yote. Seremala akamwachia drili na vikorokoro vyake, akaaga kwamba kesho yuko mbali, anakwenda kufunga milango kwenye jengo moja, wataonana Jumamosi asubuhi.

"Gundi ikauke vizuri," akasema. "Kesho ulivalishe hilo godoro lako la kukalia."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa usafi wa moyo kabisa.

Mshonaji yeyote anajua bandi. Ni ile mishono mirefu ya mkono unayoshikizia nguo kabla ya kuipitisha cherehani, ili vipande visihame. Ukishashona, unaifumua bandi. Nguo iliyoachwa na bandi ni aibu. Ni sawa na kutoka nje na kitana kichwani. Mama Pindo alikuwa amefumua bandi tangu akiwa binti. Ijumaa asubuhi akafungua mlango, kengele ikalia, akainama, akaona gundi imekauka imekuwa ngumu kama jiwe, na vichwa vya skrubu vimejipanga mbele ya benchi lake, vinang'aa, viko tayari kuchana sketi za wateja. Akaguna. Mikono ikajua la kufanya bila kumuuliza. Alichukua bisibisi akazitoa zote. Za mbele, za ubavuni, za chini, hata za plaiwudi mgongoni. Akazitia kwenye kopo la vifungo. Matundu akayaziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, akapiga msasa, akapitisha kiganja, kukawa laini kabisa.

Alijisifu, mbona tusiseme ukweli? Alirudi nyuma akaweka mikono kiunoni akajisifu.

Kisha akashona foronya ya godoro kutokana na mabaki ya miaka yote: sare za shule, mapazia, suruali za mabwana harusi, kipande cha kanzu, kipande cha aproni. Mtaa mzima ulikuwa kwenye kikalio kile. Mchana mumewe akafika na mkokoteni wa tanuri umejaa mifuko ya unga, maana walikwisha kubaliana benchi lijaribiwe kabla ya mtu kulikalia. Akaipanga juu yake taratibu mno, kwa kuwa mfuko ukipasuka ni kesi kwa tajiri wake. Mmoja, mwingine, mwingine tena, wa juu ukagusa kalenda. Walisimama wakisikiliza, wameshikana mikono.

Benchi halikutoa hata mlio.

"Linabeba!" Mama Pindo akapiga kelele. "Linabeba! Linabeba!" Wakakumbatiana, wakarukaruka, unga ukawapaka mpaka kope.

"Lakini mdomo wako," akamwambia mumewe, kidole kimenyooka. "Dada asijue kwamba limetengenezwa kwa ajili yake. Akijua atajisikia vibaya. Tunakaa tu, tunaacha nafasi, anakaa. Umesikia?"

"Mimi ni kaburi," akasema mumewe. Mtaa mzima ulijua kwamba siri ukimpa asubuhi, saa sita inauzwa na mikate.

Jumamosi ikafika. Mama Pindo alikuwa dukani mapema, amevaa gauni jipya, amepanga vitambaa kwenye vyumba vya benchi kwa rangi zake. Dada alishapiga simu kwamba anaoga aje. Seremala akaingia, akaliangalia benchi, akatabasamu kwa fahari. Kisha tabasamu likaanza kufifia kidogo kidogo.

"Skrubu zangu ziko wapi?"

"Hizi hapa!" Mama Pindo akatikisa kopo kwa furaha. "Nimekutunzia zote. Hata moja haijapotea."

Seremala akashika kichwa kwa mikono miwili. Penseli ikaanguka.

"Mama Pindo. Umezitoa?"

"Gundi si ilishashika? Nikafumua bandi."

"Ile si bandi!" seremala akasema, karibu alie. "Ile ndiyo cherehani yenyewe! Hii chipubodi uso wake umepigwa rangi ya kung'aa, gundi haiingii ndani, inakaa juu juu tu kama maji juu ya mafuta."

"Lakini imebeba unga! Mifuko mpaka kwenye kalenda!"

"Unga umekaa kimya umetulia. Unga hauegemei, haugeuki kumtazama mtu. Unga haucheki, Mama Pindo!"

Akaligonga benchi ubavuni kwa nyonga, si kwa nguvu sana, kwa namna mtu anayecheka angelisukuma. Pap! Plaiwudi ikaachia kona. Pap! Nguzo moja ikalala ndani ya chumba, juu ya vitambaa vya njano, na benchi lote likainama upande.

Mawazoni Mama Pindo alimwona Dada yuko chini, chali, mbele ya wateja wote, katika duka la mdogo wake, siku ya furaha. Asingekuja tena, hata mlangoni. Hilo alilijua bila mtu kumwambia, na lilimtia hofu kuliko hofu yoyote aliyowahi kuwa nayo.

"Zirudishe," akasema. "Fundi, zirudishe sasa hivi."

"Matundu yameshalika, zitazunguka tu hewani." Seremala alikuwa tayari anavuka barabara, akipaza sauti kutoka katikati yake. "Tunatumia bolti! Zipite toka upande huu mpaka ule, tufunge na nati!"

Nani alaze damu? Godoro likavuliwa, vitambaa vikarushwa juu ya cherehani. Mumewe alipofika na mikate ya wageni alikabidhiwa nguzo, akaambiwa ashike hapo hapo na asipumue. Drili ikalia. Seremala akapitisha bolti ndefu kwenye chipubodi, kwenye mbao, kwenye nguzo, zikatokea ng'ambo, na Mama Pindo kwa upande wa pili akavisha kila moja kibati cha duara na nati, akaikaza kwa spana mpaka mbao zikalia zenyewe kwa kubanwa. Jasho lilimtiririka kwenye gauni jipya. Simu ikaita ndani ya mfuko wa mumewe.

"Ni Dada. Anasema ameshashuka, yuko kwenye kona, anauliza duka lina rangi gani."

"Mwambie la kijani!"

"Lakini ni jeupe."

"Mwambie la kijani, azunguke kidogo!"

Plaiwudi ikafungwa. Seremala akaligonga kwa nyonga. Kimya. Akaligonga tena kwa nguvu zake zote, akaumia yeye, akaisugua nyonga huku anacheka. Lakini sasa mbele ya benchi vilikuwa vimesimama vichwa vya bolti, vikubwa kuliko skrubu za jana, vyeusi, vibaya. Mama Pindo akavitazama. Havikuwa vya kutoa. Basi angevivalisha! Alichukua kopo la vifungo, vile vya kuvalishwa kitambaa ambavyo huwekwa kwenye magauni ya sherehe, akachomoa kitambaa cha kwanza kilichompata mkono kwenye kikapu cha mabaki, cha buluu chenye vitone vyeupe. Akakata, akavalisha, akapachika kila kimoja juu ya kichwa cha bolti kwa gundi ya viatu. Cha mwisho alikikandamiza kwa kidole gumba huku kengele ya mlango inalia.

"Nyie watu!" ilisema sauti ambayo haikuhitaji kujitambulisha. "Duka la kijani liko wapi? Nimeingia kwa muuza rangi nikampongeza!"

Dada alijaa mlangoni na mfuko wake wa machungwa. Akapiga vigelegele, akamkumbatia mdogo wake mpaka akamwinua juu, akasalimia wote kwa mkono. Akasifu kengele, akasifu kuta, akasifu hata kalenda. Kisha akarudi palepale, bega likaipata fremu ya mlango.

Mume wa Mama Pindo na seremala walikuwa wameketi kwenye benchi, mmoja mwisho huu, mmoja mwisho ule, katikati pameachwa nafasi ya kutosha. Wateja wawili watatu wakaingia, wakachukua mkate, wakasimama. Hakuna aliyesema "kaa". Kujizuia kusema "kaa" kulikuwa kazi ngumu kuliko ya bolti. Mumewe alitazama dari. Seremala alitafuta penseli ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Dada hakuwa mjinga. Macho yake yalitembea kutoka uso mmoja hadi mwingine, yakateremka kwenye benchi. Akasogea. Akalikandamiza kwa kiganja, kama kawaida yake. Akainama kutafuta miguu, asiione. Kisha akanyoosha kidole akagusa kifungo kimoja, akakizungushia ncha ya kidole.

"Hili si lile gauni langu la buluu?" akauliza. "Nililokuwa nikivaa nikikubeba?"

Mama Pindo akakitazama kitambaa na yeye kwa mara ya kwanza. Ndilo. Alikuwa amelihifadhi kwenye kikapu kile miaka nenda miaka rudi, bila kupata moyo wa kulikata, na leo kwa haraka amelikata bila kulitazama.

"Mimi sijasema kitu!" mumewe akaropoka. "Shemeji, uliza yeyote! Mimi sijamwambia mtu kwamba benchi ni lako!"

Seremala akafumba macho. Mama Pindo akahisi uso unawaka moto. Hapakuwa na pa kujificha tena, akapiga moyo konde.

"Ni lako, Dada," akasema. "Nimelitengeneza kwa ajili yako. Nimechoka kukuona mlangoni. Kila ukija nakuona umesimama, ukiondoka nakaa na machungwa yako nalia. Nataka uingie. Nataka ukae kwangu."

Midomo ya Dada ilicheza kidogo. Kwa muda uso wake ule mkubwa ulikuwa mtupu kabisa, bila mzaha wa kujificha nyuma yake, na Mama Pindo aliogopa kwamba ameharibu kila kitu.

"Mmelijaribu?" Dada akauliza polepole.

"Ndiyo, shemeji," akasema mumewe, ambaye sasa mdomo ulishaachia breki. "Kwa mifuko ya unga. Tanuri zima."

"Unga."

"Mpaka kwenye kalenda."

"Mmenipimia unga?" akasema Dada. Mabega yakaanza. "Mimi? Mlikaa mkahesabu, huyu ni mifuko mingapi..." Tumbo likafuata. "Na tajiri wako anajua unga wake umeigiza kuwa mimi?" Mkono ukatafuta kitu cha kushika, magoti yakalegea kwa kicheko, na Dada akakaa. Hakukandamiza kitu. Alijibwaga, katikati ya wanaume wale wawili, akicheka kwa kilio, akamshindilia seremala kofi la mgongo lililomtoa penseli mkononi. Aliegemea huku, akaegemea kule, akapigapiga paja, machozi yakamwagika, wateja wakaambukizwa, duka zima likacheka.

Ni Mama Pindo tu ambaye hakucheka. Alikuwa anasikiliza mbao. Benchi halikusema neno.

Alitazama chini, kwenye viatu vya Dada. Visigino vilikuwa juu, kama siku zote. Kicheko kikapungua, kikarudi, kikapungua tena. Dada akajifuta macho kwa kiganja, akavuta pumzi, na kisigino kimoja kikashuka sakafuni. Baadaye kidogo na kile kingine. Mapaja yakalegea. Hapo ndipo Mama Pindo alipogeuka ukutani akajifanya anaisoma kalenda ya mwaka uliopita.

Wateja walikuja, wakapimwa, wakaenda. Seremala alirudi kwenye milango yake, mume kwenye mikate yake. Jua lilipohamia upande wa pili wa barabara, Mama Pindo aliinua macho kutoka kwenye cherehani akamwona Dada amevua viatu, amevipanga chini, na amepandisha miguu yote miwili juu ya benchi, amejinyoosha, mgongo ukutani, anamenya chungwa. Karibu naye palikuwa na gauni la mteja lenye mishono mirefu myeupe.

"Huu uzi wa juu juu ni wa kutoa?" akauliza.

"Hiyo ni bandi, Dada. Hiyo ni ya kutoa."

"Una hakika?" seremala akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Dada akacheka, akajifuta vidole, akaanza kufumua, uzi mmoja baada ya mwingine, bila haraka yoyote. Alipomaliza akalikunja gauni, akaliweka pembeni, akanyoosha mkono.

"Lete jingine," akasema.